Ilimba ya Wagogo na Mashine ya Sauti za Dunia: Suala la Ulinganifu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya E-mu Systems ya California ilitoa Proteus/3 World, sinthesaiza isiyo na kibodi, ifungwayo kwenye fremu ya studio. Ndani yake zilihifadhiwa sauti zilizorekodiwa za ala za mataifa mengi, zikachezwa kwa kibodi yoyote iliyounganishwa nayo. Mtumiaji aliweza kubadili ulinganifu, ila ule wa awali ulikuwa wa piano.

Ilimba ya Dodoma hudhihirisha kinachopotea katika mpangilio huo. Ndimi zake za chuma hufuata sauti asilia zinazozaliwa na sauti moja ya msingi. Ya saba kati ya hizo huwa chini ya noti ya piano kwa karibu theluthi ya nusutoni. Aidha, utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la kasha huongeza mvumo.

Hukwe Zawose, aliyefundisha Bagamoyo, aliongeza ndimi za ilimba bila kuacha ulinganifu wa Kigogo, kama albamu yake Chibite (1996) inavyoshuhudia. Kwa hiyo, nyaraka zinazohifadhi mlio pekee, pasipo ulinganifu na jina la mtengenezaji, huhifadhi nusu ya historia.