Kwa Nini Uliacha Kazi ya Awali?

Ukiketi na vijana wanaojiandaa kwa mahojiano ya kazi, au usaili kama wasemavyo jirani zetu wa Tanzania, utagundua kuwa maswali mawili huwatoa jasho kuliko mengine yote. La kwanza: kwa nini uliacha kazi yako ya awali? La pili: ulikuwa unalipwa kiasi gani? Maswali ya taaluma hayatishi hivyo. Mhasibu anazijua hesabu zake na mwalimu analijua somo lake. Lakini ukiulizwa mojawapo ya hayo mawili unajihisi kama umesimamishwa kizimbani, na sauti inaanza kushuka bila wewe kutaka.

Nasomea shahada ya uzamili katika historia, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma habari za ajira katika Kenya ya kikoloni. Nimefikia kuamini kwamba hofu hiyo haikuanza na sisi. Majibu ya maswali hayo yaliwahi kuandikwa pamoja kwenye karatasi moja, karatasi ikakunjwa na kutiwa ndani ya kijaluba cha bati, na kijaluba kikaning'inizwa shingoni mwa mtu.

Hicho ndicho kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alipaswa kuandikishwa na kutembea na cheti chake. Humo mliwekwa jina lake na alama za vidole, kisha historia yake ya kazi: nani alimwajiri, kwa kazi gani, kwa mshahara gani, alianza lini. Mwisho ilikuja tarehe ya kuondoka na sahihi ya mwajiri. Sahihi hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito. Bila hiyo, mtu alihesabika bado ni wa bwana wake wa zamani, na aliyemchukua alikuwa anachukua mtu wa mwenzake.

Kwa hiyo swali la kwa nini uliondoka halikuwa la kujuana tu. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906 ilikuwa imekwisha kufanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai, la kutozwa faini au kufungwa. Mfanyakazi akiuvunja, ni polisi. Na jambo linaloniudhi kila nikilisoma ni kwamba Waingereza walikuwa wamelifuta kosa hilo kwao mwaka 1875. Miaka 31 baadaye wakaliona linafaa huku. Kipande kilikuja kuifanya sheria hiyo ifanye kazi kweli, maana kabla yake mtu aliyetoroka shamba la Nakuru angeweza kufika Thika na jina jingine. Alama za kidole hazibadilishwi jina.

Swali la pili nalo lilikuwa na mtego wake. Mwajiri mpya alifungua karatasi, akaona mwenzake alilipa kiasi gani, na mazungumzo ya mshahara yakaishia hapo. Kwa nini atoe zaidi? Mtu aliyeanza kwa ujira mdogo alibeba udogo huo shingoni kutoka shamba hadi shamba, hata kama mikono yake ilikuwa imejifunza kazi mpya katikati. Walowezi walihitaji vibarua wengi kwa bei ndogo, na kodi ya nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1901, ilikwisha kuhakikisha watu wanahitaji fedha taslimu.

Nimeandika "vibarua," na hapo nadhani lugha yetu ina kumbukumbu nzuri kuliko tunavyoijua. Kibarua ni barua ndogo: katika pwani ya karne ya 19 mtumwa aliyekodishwa kwa kutwa alipewa karatasi ya kazi, na sehemu ya ujira wake ilimwendea mwenyewe mtumwa. Karatasi ikawa mtu. Upande wa Tanganyika, Wajerumani walitoa kadi za kazi, nazo ziliitwa vipande. Huko Usambara kuanzia 1907 mwanamume alitakiwa kumfanyia mkulima wa kizungu kazi ya siku 30 katika kila miezi minne. Baadaye katika mashamba ya mkonge kipande kilibaki kuwa siku 30 za kazi, si siku 30 za kalenda, na walioletwa kutoka mbali kuja kuzifanya wakaitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Kibarua, kipande, manamba. Mara tatu tumemwita mfanyakazi kwa jina la karatasi yake, na bado tunashangaa kwamba wasifukazi unatutetemesha.

Aliyekataa hadharani alikuwa kijana wa mjini. Harry Thuku alikuwa ameajiriwa na serikali Nairobi, akipokea na kuunganisha simu katika idara ya hazina. Kazi safi, ya kukaa kwenye kiti. Mwaka 1921 walowezi walipopanga kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja, yeye na wenzake walianzisha chama kilichokuja kuitwa East African Association, na kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makuu. Kufikia mapema 1922 hakuwa tena mtu wa serikali. Tarehe 14 Machi alikamatwa. Tarehe 16 umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi ukitaka aachiliwe ulipigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewachochea wanaume waliokuwa wakisitasita, aliuawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni wengi zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, na kipande kikadumu robo karne nyingine.

Mwaka 1947 ikaja sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Walowezi walipoambiwa kwamba sasa na wao watachukuliwa alama za vidole, walipiga kelele kwamba ni kudhalilishwa. Sina la kuongeza hapo.

Wakenya bado tunakiita kitambulisho kipande, na bado tunakwenda kupigwa alama za vidole ili polisi watupe cheti cha tabia njema kabla ya kuajiriwa. Ila sheria yenyewe imegeuka, na nadhani anayejiandaa kwa mahojiano afaidike kwa kuisoma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri kumpa anayeondoka cheti cha utumishi: jina la mwajiri, jina lako, aina ya kazi na mahali pake, siku uliyoanza na siku uliyoacha. Halazimiki kueleza tabia yako. Mshahara haumo katika orodha hiyo, wala sababu ya kuondoka. Sababu ni yako kuisema. Huko Massachusetts, Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2016 ilikwenda mbali zaidi na kumkataza mwajiri kumuuliza mwombaji mshahara wake wa zamani, kwa hoja ambayo mtu wa kipande angeielewa mara moja: ujira mdogo wa jana usiwe kipimo cha kesho.

Rafiki yangu mmoja aliacha kazi katika kampuni fulani jijini baada ya mshahara kucheleweshwa mara kwa mara. Tulipokuwa tukimfanyisha mazoezi chumbani, jibu lake la kwanza lilichukua dakika nne nzima. Aliomba radhi mara mbili kwa kosa ambalo lilikuwa la mwajiri. Nilimsimulia habari za sheria ya 1906, akacheka, kisha akanyamaza kidogo. Tuliandika jibu jingine, la sentensi mbili: mwaka mmoja na nusu nilisimamia malipo ya wateja na nikaijua kazi hiyo vizuri, niliondoka kwa sababu malipo hayakuwa yakitoka kwa wakati, na sasa natafuta mahali ambapo naweza kukaa. Halafu akalirudia hadi likaacha kusikika kama utetezi.

Walipomuuliza mshahara wake wa zamani, alitaja kiwango alichokuwa amekipeleleza kwa nafasi hiyo hiyo katika kampuni nyingine tatu, akasema angependa wazungumzie kazi iliyo mezani. Mmoja wa wahoji aliandika kitu kwenye karatasi, akafungua ukurasa, wakaendelea na swali lililofuata.