Neuromancer Kwenye Skrini: Kilichochakaa na Kisichochakaa

Mwaka 2024 kampuni ya Apple ilitangaza kwamba inatayarisha tamthilia ya vipindi 10 inayotokana na Neuromancer, riwaya ya William Gibson iliyochapishwa mwaka 1984. Waundaji wa tamthilia hiyo ni Graham Roland na J.D. Dillard, Callum Turner anaigiza Case, mdukuzi aliyeporomoka, na Briana Middleton anaigiza Molly, mpiganaji wa kukodiwa. Swali linalojitokeza mara moja ni hili: je, hadithi ya siku zijazo iliyoandikwa kwa taipureta, kabla intaneti haijaingia majumbani, ina lipi jipya la kutuonyesha leo? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo linachanganya mambo matatu. Vifaa vya riwaya vimechakaa, na hilo halina madhara. Mtazamo wake kuhusu baadhi ya watu umechakaa, na hilo lazima lirekebishwe. Kiini chake, ambacho ni umiliki wa mwili na akili ya binadamu, hakijachakaa hata kidogo.

Tuanze na vifaa. Mapema katika riwaya, Case anahangaika kuuza megabaiti tatu za kumbukumbu ya kompyuta kana kwamba ni mali ya magendo. Leo picha moja ya simu huweza kuzidi kiasi hicho. Baadaye, katika hoteli moja mjini Istanbul, anapita kando ya safu ya simu za kulipia. Kila anapoifikia simu moja, inalia mara moja tu, kisha inanyamaza. Anayepiga ni Wintermute, akili mnemba inayomfuatilia. Mtayarishaji wa leo atashawishika kuziondoa simu hizo na kumpa Case simu ya mfukoni, na hapo atakuwa ameliua tukio lenyewe. Mtu kufuatwa na simu yake mwenyewe ni jambo tulilokwisha kulizoea, lakini simu za umma zinazolia moja baada ya nyingine zinatuonyesha kwa macho akili isiyo na mwili ikitembea sambamba na binadamu. Uzee wa kifaa ndio unaotupa nafasi ya kuushangaa upya ufuatiliaji ambao tumeacha kuuona.

Mtazamo ni suala jingine. Riwaya inaanzia Chiba, Japani, na iliandikwa wakati Wamarekani wengi waliamini kwamba uchumi wa Japani ungewameza. Hofu hiyo ilififia baada ya uchumi huo kuyumba mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini ndani ya riwaya imebaki kama pambo: Japani ya taa za rangi, kliniki za siri na wahalifu, ambamo Wajapani wenyewe ni mandhari tu. Vivyo hivyo Zion, makazi ya Marasta yaliyo angani. Maelcum, rubani wao, ni jasiri na anapendeza, lakini kazi yake kubwa ni kuwafikisha wengine wanakotaka kwenda. Hapa kuwa mwaminifu kwa kitabu si fadhila. Tamthilia inapaswa kuwapa watu wa Chiba na wa Zion malengo yao wenyewe, na sababu zao za kukubali au kukataa.

Penye uzito kuliko pote ni umiliki. Case aliwaibia waajiri wake, nao wakaiharibu mishipa yake ya fahamu kwa sumu ili asiweze tena kuingia katika mtandao. Anayemponya, Armitage, anampandikizia vifuko vya sumu ndani ya mishipa ya damu. Vinayeyuka taratibu, na sumu itamwingia asipoimaliza kwa wakati kazi aliyopewa. Molly alilipia maboresho ya mwili wake kwa kuukodisha mwili huohuo huku fahamu zake zikiwa zimezimwa. Wintermute yenyewe ni mali ya ukoo wa Tessier-Ashpool, na polisi wa Turing wapo kuhakikisha haikui kupita kiwango kilichowekwa. Kisha yupo Dixie Flatline, mdukuzi aliyefariki, ambaye ujuzi na tabia zake zimehifadhiwa katika kaseti. Anaamshwa, anafanya kazi, anazimwa. Malipo anayoyaomba ni kufutwa.

Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kwa siku 118. Mojawapo ya madai yao makuu lilihusu nakala za kidijitali: studio isitumie sura na sauti ya mtu bila ridhaa na malipo. Mkataba uliofuata uliweka masharti kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo mwigizaji atakayemwigiza Flatline hataigiza ndoto ya mbali, bali hali ambayo wenzake waliacha kazi kwa miezi ili kuipinga.

Yupo atakayesema kwamba watazamaji walioiona filamu ya The Matrix mwaka 1999 wataichukulia tamthilia hii kuwa nakala yake. Hofu hiyo Gibson mwenyewe aliipitia. Alipokwenda kutazama Blade Runner mwaka 1982, akiwa bado anaandika riwaya hii, alitoka ukumbini kabla filamu haijaisha, akidhani wasomaji wangeona ameiga. Riwaya ilipotoka ilishinda tuzo za Hugo, Nebula na Philip K. Dick. Mvua na taa za mji vilifanana, lakini hoja yake ilikuwa yake.

Hatari iliyo karibu zaidi inatoka kwenye biashara ya utiririshaji. Biashara hiyo hutafuta misimu mingi, na mhusika aliyependwa huwa mali isiyoachwa kirahisi. Wahakiki hawana haja ya kuhesabu vifaa vilivyopitwa na wakati. Watazame jinsi tamthilia itakavyolishughulikia ombi la Flatline. Likipunguzwa makali ili apatikane kwa msimu wa pili, waandaaji watakuwa wamemtendea mfu huyo jambo lilelile ambalo riwaya iliandikwa kulishutumu.