Mbunifu wa Mavazi Mbele ya Wasaili: Maandalizi, Nyaraka na Haki za Mwombaji

MWOMBAJI wa kazi ya ubunifu wa mavazi huingia katika chumba cha usaili akiwa na kitu ambacho mwombaji wa ukarani au uhasibu hana: kazi yake hushikwa kwa mkono. Wasaili hulipindua gauni ndani nje, huvuta mshono kupima uimara wake, kisha huuliza kwa nini kola imelala upande mmoja. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa maneno yaliyokaririwa usiku wa kuamkia usaili. Hujibiwa na mtu aliyekata kitambaa kile mwenyewe, akakosea, akarekebisha, na akakumbuka alichorekebisha.

Nafasi za wabunifu wa mavazi nchini zina sura mbalimbali, na kila sura ina usaili wake. Kiwanda kinachoshona kwa ajili ya soko la nje hupokea vipimo na maelekezo kutoka kwa mnunuzi aliye mbali. Huko kosa la nusu sentimita hujirudia katika maelfu ya suruali, hivyo wasaili huangalia zaidi usahihi na uwezo wa kusoma maelekezo. Karakana ya sare za shule na za ofisi hutafuta mtu anayeweza kupanga saizi kuanzia mtoto wa darasa la kwanza hadi mtu mzima bila kupoteza kitambaa. Nyumba ya mitindo hutaka jicho jipya na uvumilivu wa kumsikiliza mteja. Vyuo vya ufundi stadi, vikiwemo vya VETA, huhitaji mwalimu anayeweza kufanya kazi na pia kuieleza kwa mwanafunzi aliyeshika mkasi kwa mara ya kwanza.

Majukwaa ya mitindo, likiwemo Swahili Fashion Week lililoasisiwa mwaka 2008 na mbunifu Mustafa Hassanali, yameifanya fani hii ionekane na kuheshimika. Hata hivyo, vazi la jukwaani hupita mbele ya watazamaji kwa dakika chache, ilhali nafasi nyingi za ajira zinahusu mavazi yatakayofuliwa, kupigwa pasi na kuvaliwa tena kesho. Mwombaji anayepeleka michoro ya jukwaani pekee katika karakana ya sare hujikuta akisifiwa na asiitwe tena. Tangazo la kazi lisomwe neno kwa neno, na kazi za kuonyesha zichaguliwe kulingana na tangazo hilo.

Jalada la kazi

Jalada la kazi ni mkusanyiko wa michoro, picha na vipande vya kitambaa vinavyoonyesha alichokifanya mwombaji. Kazi 8 hadi 12 zilizochaguliwa vyema zinatosha. Jalada nene humchosha msaili kabla hajafika kwenye kazi bora. Kwa kila vazi ni vema kuwe na mchoro wa awali, pateni au picha ya karatasi iliyotumika kukatia, kipande kidogo cha kitambaa chenyewe, na picha ya vazi likiwa limevaliwa, mbele na nyuma. Picha ya nyuma ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na ndiyo wasaili wazoefu huanza kuiulizia, kwa kuwa zipu, mgongo na mpangilio wa maua ya kitambaa hujieleza zaidi huko.

Mchoro ulioharibika na kusahihishwa usitupwe. Gauni ambalo mkono wake ulibana, likafumuliwa na kukatwa upya, humpa mwombaji maelezo ya dakika tano yenye uzito kuliko picha kumi za mavazi yasiyo na historia.

Lipo jambo linalowaangusha wengi nalo ni picha za kuazima. Picha iliyochukuliwa mtandaoni na kuingizwa katika jalada hugunduliwa kwa swali moja tu kuhusu jinsi bega lilivyokatwa. Vivyo hivyo kwa kazi zilizofanywa na kundi chuoni au karakanani: mwombaji aseme wazi kwamba yeye alichora na mwenzake akashona, au kwamba yeye alikata na kumalizia tu. Ukweli huo haumpunguzii alama. Kinachompunguzia ni kudai vazi zima, halafu ashindwe kueleza bitana iliwekwaje.

Waliojifunza kazi kwa mafundi mitaani, bila kupita chuoni, wasijione wametengwa. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, ambapo fundi hupimwa na akifaulu hupewa cheti. Kwa mwenye mkono mzuri lakini asiye na karatasi, ni hatua ya kuchukua mapema kabla ya kuanza kuomba kazi, kwa sababu upimaji una ratiba yake na haufuati tarehe za matangazo ya ajira.

Maswali ya kitambaa

Mbunifu asiyekijua kitambaa ni mchoraji tu. Msailiwa atarajie kuwekewa kipande mezani na kuulizwa ni kitambaa gani, kinafaa kwa vazi gani, na kitafanya nini kikilowa. Pamba hunywea, na kwa hiyo hulowekwa na kukaushwa kabla ya kukatwa. Ajue kutofautisha mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa jora, na mshindio unaokatiza kwa upana. Aeleze pia kwa nini sketi iliyokatwa mshazari huanguka kwa ulaini lakini hula kitambaa kingi na hurefuka upande mmoja isipoachwa ining’inie kabla ya kupindwa.

Vitambaa vya nyumbani vina mitego yake. Kitenge chenye maua makubwa hakikatwi popote: ua likiangukia kifuani upande mmoja na tumboni upande wa pili, vazi huonekana limeshonwa kwa haraka hata kama mishono yake ni safi. Kuyapatanisha maua kunahitaji kitambaa cha ziada, na mbunifu hana budi kukihesabu kabla mteja hajakwenda dukani. Kanga nayo imekwisha kubuniwa kabla haijamfikia mshonaji, kwa kuwa ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Anayetaka kuigeuza gauni huamua kwanza pindo litakaa wapi, na jina litasomeka ama litafichwa mshononi. Wapo wasaili wanaouliza swali hili makusudi ili kuona kama mwombaji ameitazama kanga ya nyumbani kwao kwa jicho la kazi.

Njia bora ya kujiandaa kwa sehemu hii haina gharama kubwa. Siku moja katika maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, au katika soko lolote la nguo la mkoa husika, inatosha kumwezesha mwombaji kushika vitambaa, kuuliza upana na bei, na kuandika alichokiona. Bei hizo atazihitaji.

Hesabu ya vazi moja

Hapa ndipo vipaji vingi hukwama. Msaili anapouliza “Gauni hili linagharimu kiasi gani?”, hataki bei ya kuuzia. Anataka mchanganuo. Tuchukue mfano wa kufikirika: gauni linatumia yadi 3 za kitambaa cha shilingi 6,000 kwa yadi, yaani shilingi 18,000. Zipu, uzi na bitana ni shilingi 5,000. Ujira wa fundi ni shilingi 12,000. Umeme, kodi ya chumba na matengenezo ya cherehani vikigawanywa kwa kila vazi ni shilingi 5,000. Gauni limegharimu shilingi 40,000 kabla halijapata faida hata ya senti moja.

Iwapo mbunifu atapanga vipande vya pateni kwa uangalifu na kuokoa robo yadi, katika oda ya magauni 40 ameokoa yadi 10, sawa na shilingi 60,000. Mwombaji anayeweza kuonyesha hesabu ya namna hiyo kwa vazi lake mwenyewe, akitumia bei alizozikuta sokoni wiki hiyo, huwa amejibu maswali matatu kwa pamoja: kwamba anajua kukata, anajua soko, na hatamfilisi mwajiri. Pasipo hesabu, mchoro mzuri hubaki kuwa pambo.

Ujuzi wa programu za kompyuta za kuchora na kupanga pateni unazidi kuhitajika, hasa viwandani. Asiyeujua aseme hivyo na aeleze anajifunza wapi. Kudai ujuzi huo ni hatari, kwa kuwa kompyuta huwa ipo chumba cha pili.

Jaribio la vitendo na umiliki wa mchoro

Usaili mwingi wa fani hii huwa na sehemu ya vitendo: kuchukua vipimo vya mtu, kuchora pateni ya sketi, kukata na kushona kola au mfuko ndani ya muda uliopangwa. Ni busara mwombaji afanye mazoezi akiwa na saa mezani, tena kwa kutumia cherehani asiyoizoea, maana cherehani ya umeme ya kiwandani hukimbia kuliko ile ya kukanyaga kwa mguu. Anayepima mwili wa mtu aombe ridhaa kwanza, na ataje kila kipimo kwa sauti wakati akikiandika. Wasaili huangalia adabu hiyo sawasawa na usahihi wa namba.

Jaribio linalofanyika pale pale na kuishia pale pale ni jambo la kawaida. Tofauti hujitokeza pale mwajiri anapomtaka mwombaji apeleke michoro 10 au 20 ya mavazi mapya pamoja na vipimo vyake, bila malipo na bila ahadi, kwa kisingizio cha kumpima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inailinda kazi ya ubunifu tangu inapoundwa, na usajili kupitia Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) humrahisishia mbunifu kuthibitisha kuwa kazi ni yake. Mwombaji aweke jina na tarehe katika kila mchoro, abaki na nakala halisi, na pateni kamili asiikabidhi katika hatua ya usaili. Kuuliza kwa upole michoro hiyo itatumikaje si utovu wa nidhamu, na jibu atakalopewa litamweleza mengi kuhusu mwajiri huyo.

Siku ya usaili

Kwa nafasi za umma zinazotangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, msailiwa hutakiwa kufika na vyeti vyake halisi, kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho kinachotambulika. Hati za matokeo ya muda hazipokelewi badala ya vyeti. Aliyesoma nje ya nchi huhitaji uthibitisho wa mamlaka husika ya elimu, na ambaye majina yake yanatofautiana katika nyaraka huhitaji hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo. Msailiwa hujigharamia usafiri, chakula na malazi. Usaili unaweza kuwa wa mchujo, wa vitendo na wa mahojiano kwa siku tofauti, hivyo anayetoka mkoani apange fedha za siku zaidi ya moja.

Kuhusu mavazi, mbunifu huhukumiwa kwa alichovaa kabla hajaketi. Vazi alilolishona mwenyewe, lenye heshima, lililopigwa pasi na lisilo na uzi unaoning’inia, linatosha. Vazi la kustaajabisha lililomshinda kukaa nalo kitini litazungumziwa, ila si kwa namna anayoitarajia.

Maswali yasiyoruhusiwa na mkataba

Wapo waombaji, wengi wao wanawake, wanaoulizwa kama wameolewa, kama ni wajawazito au wana mpango wa kuzaa karibuni. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya kifamilia, dini, kabila, ulemavu na mingineyo, na kinga hiyo inamhusu pia mtu anayeomba kazi. Mwombaji anaweza kurudisha mazungumzo kwenye uwezo wake wa kuzifikia saa na tarehe za kazi. Migogoro ya kikazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Fedha isitolewe kwa mtu yeyote anayedai kuwa ataharakisha jina kuitwa.

Anayepewa kazi ana haki ya kupata kwa maandishi maelezo ya ajira yake: kazi atakayofanya, mahali, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, saa za kazi na ujira. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, na mbunifu aulize mapema inakuwaje misimu ya sare na sikukuu inapofika na karakana inakesha. Aulize pia kuhusu michoro. Kwa kawaida kazi iliyobuniwa ndani ya ajira huwa ya mwajiri kibiashara, isipokuwa mkataba useme vinginevyo; kwa hiyo michoro aliyokuwa nayo kabla ya kuajiriwa iorodheshwe, na pande zote mbili ziisaini orodha hiyo siku ile ile ya kusaini mkataba.