Manamba wa Njombe na Njia ya Mwambao

Mtu wa visiwani aghalabu huisoma historia ya mwambao akiwa amelipa bara mgongo na kuelekeza uso baharini. Huziona jahazi za kaskazi na kusi, huiona Shihiri, Maskati na Bombay. Mtazamo huo si wa uongo, ila ni nusu ya habari. Iko njia nyingine iliyoujenga mwambao, nayo haikupita majini: ni ile iliyoshuka kutoka nchi ya Wabena, Njombe na Makambako, hadi Korogwe, Muheza, Tanga na Pangani.

Njombe ni nchi ya baridi, iliyokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai sakitu huonekana majanini alfajiri. Haikuwa tamaa ya joto la pwani iliyowashusha watu wake. Mwezi Septemba 1905, Vita vya Majimaji vilipofika huko, mtawala wa Wabena, Mbeyela, aliishambulia misheni ya Yakobi. Hadi vita vilipomalizika mwaka 1907, majeshi ya Wajerumani yalikuwa yameteketeza mashamba na maghala ya nafaka katika sehemu nyingi za kusini, na njaa ikafuatia. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, haikufutwa. Kodi ilitaka fedha, na fedha ilikuwa mbali.

Ilikuwa katika mkonge. Mmea huo uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf; kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika, ilipopata uhuru mwaka 1961, kuwa nchi iliyoongoza duniani kwa katani. Wenyeji wa pwani, wenye minazi yao na nyavu zao, hawakuikimbilia kazi ya kukata majani yenye miiba. Hivyo wenye mashamba wakatafuta watu mbali, na Njombe ikawa miongoni mwa wilaya zilizotoa wengi.

Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Jina la mtu likawa halina kazi tena. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU. Safari yenyewe ilikuwa ndefu. Wa mwanzo walitembea kwa miguu. Baadaye walipakiwa katika malori hadi reli ya kati, kisha wakarudi tena barabarani, maana reli ya Tanga haikuunganishwa na ya kati mpaka mwaka 1963. Huko walikokwenda siku zao zilihesabiwa kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, na siku isiyokamilika haikutiwa alama.

Mwenye kupenda ushairi hana budi kulitafakari jambo moja hapa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, na akafariki Tanga mwaka 1962. Umri wake wote ulipita katika zama za manamba. Alipokuwa akitunga, korona zilikuwa zikikwangua mkonge mkoani humo. Nako kambini Mbena, Mngoni, Mnyamwezi na Mmakonde walihitaji lugha moja ya kuelewana, nayo ilikuwa Kiswahili. Aliyemaliza mkataba alirudi Ubena na blanketi, nguo, na maneno ya pwani. Lugha tunayojivunia ilipandishwa milimani na watu ambao mjini waliitwa washamba.

Njia ikaja kubadilika. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwezi Novemba 1965, Zambia ilihitaji mlango mwingine wa baharini. Barabara ya kwenda Zambia ikatiwa lami, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Makambako ikawa njia panda: reli hupita hapo, na basi litokalo Dar es Salaam huendelea Mbeya au hukata kushoto kwenda Njombe na Songea. Wakati huohuo mkonge ulikuwa ukianguka mbele ya nyuzi za viwandani. Leo kijana wa Njombe huteremka kwa tiketi yake mwenyewe, na malori hushusha viazi, ambavyo Unguja huitwa mbatata, pamoja na mbao.

Mzaliwa mmoja wa Njombe, Chachage Seithy L. Chachage, aliyefariki mwaka 2006, aliandika riwaya ya *Makuadi wa Soko Huria* (2002) kuwatetea watu wa delta ya Rufiji, wavuvi na wakulima wa pwani. Mtu wa milimani aliisikia dhiki ya mwambao akaiandika. Mwambao nao bado una deni kwa manamba: wengi wao walizikwa katika ardhi yake, karibu na mashamba ya mkonge, na tenzi zetu zimewataja kwa nadra mno.