Jazi, Utafiti na Teknolojia: Funzo la Gerhard Kubik na Evaristo Muyinda jijini Kampala

Mtaa wa Katwe jijini Kampala uko jirani na Lubiri, kasri la Kabaka wa Buganda huko Mengo. Katwe inajulikana kwa mafundi wanaounda mashine kutokana na vyuma chakavu. Lubiri ilijulikana kwa ngoma za entenga na marimba ya akadinda. Pande zote mbili zilitegemea njia ileile ya kurithisha ujuzi: mwanagenzi huketi kando ya fundi, hutazama, kisha hutenda. Makala haya yanachunguza kilichotokea njia hiyo ilipokutana na mwanajazi aliyekuwa pia mtafiti.

Gerhard Kubik alizaliwa Vienna mwaka 1934, akawa mpigaji wa klarineti katika jazi. Mwaka 1959 alifunga safari ya Afrika, na jijini Kampala akawa mwanafunzi wa Evaristo Muyinda, fundi wa muziki aliyefanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Alijifunza amadinda, marimba ya mbao 12 inayopigwa na watu watatu. Wawili huketi wakitazamana na kupishanisha mapigo yao. Wa tatu hupiga mbao mbili za sauti ya juu kabisa. Msikilizaji husikia viimbo ambavyo hakuna mpigaji hata mmoja anayevipiga peke yake.

Hapo ndipo suala la teknolojia lilipojitokeza. Kinasasauti hunasa jumla ya sauti, lakini hakionyeshi ni mkono wa nani uliopiga ubao gani. Baadaye, akichunguza marimba za Msumbiji, Kubik alitumia filamu isiyo na sauti: alikagua picha moja baada ya nyingine na kuandika kila pigo mahali pake. Hata hivyo, swali lenyewe halikuzaliwa na kamera. Lilitokana na kuketi mbele ya mbao na kugundua kwamba anachokipiga mtu si anachokisikia. Muyinda ndiye aliyefungua mlango huo, na historia ya taaluma haina budi kumtaja kama mwalimu, wala si kama mtoa taarifa tu.

Kubik hakuacha jazi. Alipiga klarineti katika bendi ya kwela ya Donald Kachamba wa Malawi, na mwaka 2017 alichapisha majuzuu mawili kuhusu uhusiano wa jazi na Afrika. Kwake, upigaji ulizaa maswali, utafiti ukayapanga, na mitambo ikasaidia kuyajibu.

Umuhimu wa mpangilio huo ulidhihirika mapema. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yaliivamia Lubiri, na Kabaka Mutesa wa Pili akaenda uhamishoni. Wanamuziki wa kasri walitawanyika. Amadinda, iliyokuwa ikipigwa na kufundishwa hata nje ya kasri, iliendelea kuishi. Entenga, iliyokuwa ya kasri peke yake, ilinyamaza kwa takriban nusu karne. Kanda zilizorekodiwa kabla ya uvamizi zilikuwapo, lakini kanda peke yake haifundishi mkono. Mradi wa kuifufua ulioongozwa na James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo ulihitaji mzee aliyesalia awafundishe vijana.

Kutokana na ushahidi huu, yapo mambo mawili ya kuzingatiwa na watunga sera. Kwanza, bajeti ya kuhifadhi sauti kidijitali iambatane na posho ya walimu wangali hai, kwa kuwa hifadhi isiyo na mwalimu hubaki kumbukumbu ya ukimya. Pili, vyuo vikuu vitambue rasmi ujuzi wa mafundi, wawe wa marimba au wa vyuma vya Katwe. Ujuzi unaofungiwa mahali pamoja huweza kupotea kwa siku moja. Unaogawanywa kwa wanagenzi wengi hustahimili hata moto wa kasri.