Maakuli ya Stambuli na Mpango wa Msafiri Anayerejea

Msafiri anayeingia Stambuli kwa mara ya kwanza hula chochote kinachomfikia mkononi, kwa kuwa macho yake yameshughulika na misikiti, na majumba ya wafalme, na vyombo vya bahari vipitavyo baina ya mabara mawili, hata saa ya chakula ikimkuta huingia mlango wowote ulio karibu. Lakini yule anayerejea, ambaye hayo yote ameshayaona na sasa anazo siku chache za kuzigawa, hana budi kuketi na kalamu kabla ya safari akaamua adhuhuri gani atakula wapi, na kwa sababu gani hapo na si kwingine. Ndiyo hali niliyo nayo ninapoandika maneno haya. Nimezipitia orodha za nyota na tuzo, na ingawa sizidharau, sikupata ndani yake kanuni ya kuuongoza mpango wangu. Kanuni hiyo niliipata katika tarehe ya mji wenyewe, ambayo ukiifuata kutoka karne hata karne utaona jambo moja likijirudia: ya kwamba vyakula vinavyoufanya mji huo usifiwe vililetwa na watu waliotoka kwingine, na wengi katika watu hao wameacha mlango ambao mgeni wa leo aweza kuupigia hodi.

Kabla ya milango hiyo palikuwa na jiko la Sultani. Mehmed wa Pili, aliyeuteka mji mwaka 1453, alijenga kasri ya Topkapı kwenye rasi inayoitazama bahari, na akaweka katika kanuni zake kwamba Sultani atakula peke yake, isipokuwa pamoja na jamaa zake wa damu. Ikawa mtu mmoja anakula katika upweke wa heshima, ilhali jiko lake, lililozidi kupanuka kwa zama zilizofuata, likilisha kila siku maelfu ya mawaziri, walinzi, waandishi, watumishi na wageni wa baraza. Moto uliliunguza jiko hilo mwaka 1574, na Sinan, mjenzi mkuu wa dola ya Uthmaniya, akalijenga upya kwa makuba na madohani yaliyopangwa safu moja, ambayo hata leo mtu aliye baharini huyaona waziwazi. Humo kila fundi alikuwa na fungu lake, na ilikuwapo nyumba mahususi ya halua, ambamo pamoja na vitamu vya kila namna zilitengenezwa sharubati, na matunda ya sukari, na majuni za tiba. Hapapikwi kitu humo sasa. Pamewekwa sehemu ya vyombo vya kauri vya Kichina, zaidi ya elfu kumi kwa jumla, ambavyo masultani walivikusanya na kuvitumia mezani pao. Asubuhi ya kwanza ya safari yangu nimeiweka kwa ajili ya jiko hilo, kwa maana sioni vipi mtu atazifahamu ladha za mji ule kabla hajauona ukubwa wa mahali zilipofunzwa.

Katika dola ile chakula kilikuwa pia ahadi baina ya mfalme na askari wake. Vikosi vya Yeniçeri, vilivyokuwa mkono wa nguvu wa masultani kwa karne nyingi, vilijipanga kwa taratibu za jikoni: mkuu wa kikosi alikuwa na cheo cha mpika supu, na sufuria kubwa ya kikosi ilitukuzwa kama bendera inavyotukuzwa katika majeshi mengine. Askari wakila, Sultani alijua ya kuwa wameridhika. Wakiipindua sufuria, hakuna aliyehitaji tafsiri, uasi umeanza. Kila tarehe 15 ya Ramadhani masinia ya baklava yalitoka jikoni kwa Sultani, sinia moja kwa askari kumi, nao wakayachukua kwa maandamano hata kambini. Mwaka 1826 Sultani Mahmud wa Pili aliviangamiza vikosi hivyo kwa mizinga, na maandamano yakakoma. Baklava haikukoma, kwani ilikuwa imeshaingia katika nyumba za raia.

Na masikini alikuwa na jiko lake. Msikiti wa Süleymaniye, uliokamilika mwaka 1557, ulijengwa pamoja na madrasa, na hospitali, na jiko la wakfu, ambamo wanafunzi, wasafiri na mafukara walipewa supu na mkate pasipo malipo, gharama zikitoka katika mapato ya vijiji na mali zilizowekwa wakfu. Waliobaki, yaani mafundi wadogo, wachukuzi, na wanaume waseja waliokuja mjini kutafuta kazi wakalala vyumba visivyo na meko, ndio walionunua chakula kilichokwisha kupikwa, na kwa ajili yao yakastawi maduka ya vichwa vya kondoo, ya utumbo, ya kebabu na ya wali. Evliya Çelebi, msafiri mashuhuri na mzaliwa wa mji huo, ameeleza katika kitabu chake maandamano ya mafundi wote wa Stambuli mbele ya Sultani Murad wa Nne mwaka 1638, na wapishi na wauza vyakula wamo humo na fungu lao kubwa.

Kahawa nayo ililetwa na wageni. Mwandishi wa tarehe İbrahim Peçevi asimulia kwamba katikati ya karne ya 16 watu wawili, Hakem wa Halab na Shems wa Dameski, walifungua mikahawa katika mtaa wa Tahtakale, na wasomi, na makadhi wasio na kazi, na wapenzi wa mashairi na sataranji wakajazana humo mpaka wakubwa wakaingia hofu kwa maneno yaliyokuwa yakisemwa. Murad wa Nne aliifunga mikahawa mwaka 1633, lakini amri ya kuwazuia watu wasikae pamoja juu ya kikombe haikudumu huko, wala sidhani kama ingedumu pahali popote. Kwa muda mrefu watu wengi walinunua buni mbichi, wakaikaanga na kuitwanga majumbani, mpaka Mehmet Efendi alipoanza, mwaka 1871, kuuza kahawa iliyokwisha kukaangwa na kusagwa, katika kichochoro kando ya Soko la Misri, nalo ndilo soko la viungo lililojengwa katika karne ya 17. Duka liko pale hata sasa, na watu hupanga mstari mbele yake. Msomaji wa Lamu au Unguja, aliyezoea kahawa chungu ya jioni barazani, hatahitaji mkalimani mahali hapo, kwa sababu harufu itamfikia kabla hajakata kona.

Hatua chache kutoka hapo, katika mtaa wa Bahçekapı, ndipo alipofungua duka lake mwaka 1777 Bekir Efendi, mtu wa Kastamonu katika nchi ya kaskazini, aliyekuja mjini na ufundi wa sukari, na ambaye jina lake, Hacı Bekir, hata leo limeambatana na ile tamu laini ya sukari, wanga na mawardi ambayo Waturuki huiita lokum. Karibu miaka 100 baadaye alikuja Hacı Sadık kutoka Prizren, katika nchi za Balkani, akaona kwamba boza iliyokuwa ikiuzwa mjini ni nyepesi na kali kupita kiasi, akafanya ya kwake nzito zaidi, na mwaka 1876 akafungua duka katika mtaa wa Vefa. Mahali hapo nimepatengea usiku mzima. Boza ni nafaka iliyochachuka, na aliyelelewa kwa togwa ataitambua mara moja kuwa ni ndugu yake. Huletwa katika bilauri, nzito hata kijiko husimama kidogo kabla ya kuegemea ukingoni, ikanyunyiziwa mdalasini juu, na mnywaji hutia mwenyewe dengu zilizokaangwa, ambazo kwa desturi hununua katika duka linalokabiliana na hilo na kuingia nazo zingali na moto ndani ya karatasi. Ukuta wa duka unaonyesha bilauri moja iliyohifadhiwa, ambayo Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, aliinywea mwaka 1937. Ni kinywaji cha majira ya baridi, na kwa ajili yake peke yake nimeisogeza safari yangu kutoka kiangazi hata mwezi wa Desemba.

Karne ya 19 ilibadili mambo mengi kwa haraka. Mwaka 1844 Mehmed Kâmil alitoa kitabu cha kwanza cha mapishi kupigwa chapa katika dola. Mwaka 1890 kilifunguliwa kituo cha reli cha Sirkeci, na baadaye hoteli ya Pera Palace ikawapokea abiria wa garimoshi kutoka Ulaya, na katika mtaa wa Pera zikaenea hoteli za vyakula zenye meza, vitambaa vyeupe na orodha za Kifaransa. Sitaeleza sana habari za hizo, maana zilikuwa mwigo mzuri wa Paris, na anayetaka Paris ataipata Paris. Kinachonishughulisha ni mlango uliofunguliwa wakati huohuo, mwaka 1888, katika bandari ya Karaköy, nao ni wa Abdullah Efendi, ambao baadaye ulihamia mtaa wa Beyoğlu na sasa unajulikana kwa jina la Hacı Abdullah. Nyumba hii haikurithiwa na mwana kutoka kwa baba. Ilipokewa na mwanafunzi kutoka kwa bwana wake wa kazi, kwa desturi ya vyama vya mafundi wa zamani, na kwa hiyo kilichorithiwa ni mkono wenyewe wa mpishi. Usultani ulipoondolewa mwaka 1922, na makao ya serikali yakathibitishwa Ankara mwaka uliofuata, vyakula vya kasri havikuwa tena na kasri, navyo vikaendelea kuishi katika nyumba kama hii.

Nyumba za namna hiyo huitwa lokanta, na utaratibu wake ni mwepesi wa kupendeza. Mgeni hapewi orodha akaketi kuisumbukia. Huongozwa mpaka mbele ya meza ndefu yenye moto chini yake, ambapo masufuria yamefunuliwa: nyama ya kondoo iliyopikwa taratibu na mchuzi wake, majani ya mzabibu yaliyofungwa wali, maharage meupe, bamia ndogo zisizozidi ncha ya kidole, na biringani katika hali ambazo sikupata kuziona kwingine, mojawapo ikiwa ile iliyochomwa, ikapondwa kwa maziwa, ikawekewa nyama juu, chakula ambacho jina lake lasema kwamba mfalme alikipenda. Mgeni huonyesha kwa kidole, hukaa, na kabla hajakunjua kitambaa sahani imefika. Mimi naitukuza lokanta kuliko nyumba yoyote yenye nyota, na sisemi hivyo kwa kuwabeza wapishi wa sasa, ambao mwaka 2022 walitazamwa na wakaguzi wa Michelin kwa mara ya kwanza na baadhi yao wakastahili sifa walizopewa. Nasema hivyo kwa sababu katika lokanta mchukuzi na hakimu huonyesha sufuria ileile.

Iko meza moja ambayo msafiri asiikae bila ya kujua habari zake. Pandeli Çobanoğlu, Mgiriki mzaliwa wa Niğde katika Anatolia, alianza kazi ya chakula Stambuli mwaka 1901, akapata jina kwa uhodari wake kati ya wafanyabiashara wa mtaa wa Eminönü. Usiku wa tarehe 6 Septemba 1955, baada ya habari za uchochezi kuenea mjini, makundi ya watu yaliingia mitaani yakavunja maduka, makanisa na nyumba za Wagiriki, na mahali pa Pandeli hapakusalimika. Wakuu wa serikali, ambao hawakuwa wametimiza wajibu wao wa kuwalinda raia hao, walimpa baadaye vyumba vya juu ya lango la Soko la Misri, ambavyo kuta zake zimepambwa vigae vya rangi ya feruzi, na hapo akaanza tena. Jumuiya ya Wagiriki wa Stambuli, iliyokuwa na watu zaidi ya laki moja, leo ina watu maelfu machache tu. Mtu hupanda ngazi zile nyembamba, akaketi dirishani, akaletewa samaki aliyepikwa ndani ya karatasi na andazi la biringani, na ni vyema, naona, amkumbuke mwenye nyumba kabla ya kuisifu rangi ya vigae.

Baada ya hapo walioujaza mji ni watu wa Anatolia yenyewe. Tangu miaka ya 1950 wanavijiji walihamia Stambuli kwa wingi, na pamoja nao vyakula ambavyo kasri haikuvijua au ilivisahau. Ukoo wa Güllü wa Gaziantep ulikwisha kutangulia, ukafungua duka la baklava Karaköy mwaka 1949, na mpaka leo unga wao husukumwa mwembamba hata mtu aweza kuona kilicho nyuma yake, kisha hutiwa pista za kwao na samli. Na upande wa Asia, huko Kadıköy, Musa Dağdeviren, mzaliwa wa Nizip, alifungua nyumba yake ya Çiya mwaka 1987, akawa anasafiri vijijini kuwauliza wazee wa kike namna walivyopika mboga za porini, na nyama kwa matunda, na supu ambazo vijana wao wamezisahau, akazipika na kuzieneza kwa jarida la mapishi analolichapisha. Kazi hii naihesabu kuwa ni ya elimu sawa na ya mwanachuoni yeyote, na safari ya feri ya kuifuata ni fupi.

Basi mpango wangu umekaa hivi: jiko la Sultani na kahawa ya Mehmet Efendi siku ya kwanza, na Pandeli adhuhuri yake, kwa kuwa vyote vi karibu, Süleymaniye na boza ya Vefa jioni ya pili, Hacı Abdullah siku ya tatu, baklava ya Karaköy asubuhi ya nne, kabla ya kuvuka bahari kwenda Kadıköy. Msomaji akitaka kuufuata, na aufuate, bali alizingatie neno moja: masufuria ya lokanta hupikwa alfajiri kwa ajili ya adhuhuri, na yaliyo bora humalizika mapema, kwa hiyo asichelewe kupita saa saba ya mchana.