Meli Zilizopitwa na Reli ya Tororo
Wengi husema safari tulivu za meli Ziwa Victoria ziliuawa na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Naona zilianza kudhoofika mapema, na chanzo kilipita Tororo. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, msafiri wa Uganda alishuka hapo akapanda meli, apende asipende. Mwaka 1931 reli kupitia Tororo ikafika Kampala. Akawa anautazama mwamba wa Tororo dirishani, ziwa halioni. Mbona basi meli iitwayo Victoria ilianza kazi miaka ya 1960? Ndiyo, ila iliwafaa zaidi watu wa Bukoba na Mwanza, wasio na reli ya kuwafikisha Kampala. Majanji na Port Victoria, fukwe za Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, zimebaki na mitumbwi na omena (mukene, ukivuka mpaka) iliyoanikwa juani.